Buti Hazina Kamba

Bukuru ni mimi. Nilitangulia
kwa muda wa kuchemsha sufuria ya maji.
Butoyi akafuata, kimya, rangi ya zambarau,
mkunga akampigapiga mgongoni
mpaka akalia, kwa kuchelewa,
kama anavyofanya mambo yote hadi leo.

Miaka ishirini na mitatu nimekuwa mdomo wake.
Akiulizwa jina, najibu mimi.
Akiulizwa kama ameshiba, nashiba mimi.
Alikaa darasa la kwanza miaka mitatu,
akifuta ubao, akiitwa zezeta,
na mimi niliyepigana kwa ajili yake kila Ijumaa
ndiye niliyekula chenji yake dukani.
Hilo sijamwambia mtu.

Kisha ikaja karakana ya sabuni, hapa Mwandiga,
nyuma ya mashine ya kukamulia mawese.
Mwalimu Leokadia akafungua daftari:
"Unaitwa nani?"
Nikafungua mdomo.
"Sikukuuliza wewe."
Tukasubiri. Nzi akauzunguka mdomo wote wa ndoo,
akarudi alikoanzia.
"Bu-to-yi," akasema ndugu yangu,
akatazama chini kama aliyeangusha kitu.

Sakafuni wamechora mstari mwekundu.
Ng'ambo yake kuna soda kali inayokula ngozi.
Siku tisa nzima alijifunza jambo moja:
kusimama hapo.
Siku ya kumi wakampa waya wa kukatia.
Fundi Gwasa alikuwa amechonga mapengo kwenye fremu
ili waya upite panapotakiwa tu.
Nikasema, basi anayekata ni fremu, si yeye.
Gwasa akapangusa randa yake.
"Nawe ukipiga mstari, unatumia rula."

Wenzake hukata mia mbili kwa siku. Yeye arobaini.
Sitaongeza hata kimoja ili shairi lipendeze.

Siku aliyopewa mhuri
aligonga vipande vyote juu chini,
michikichi arobaini ikasimama kwa vichwa.
Nikachukua kisu, nikaanza kukwangua.
Leokadia akanishika kiwiko.
"Sogea. Kosa ni lake. Usimwibie."
Neno hilo, usimwibie,
lilinifuata mpaka nyumbani, likalala na mimi.
Sabuni ziliuzwa hivyo hivyo. Akina mama sokoni
walizicheka, wakaziita za mchikichi uliolewa,
na Jumapili iliyofuata wakaziulizia.

Hesabu hazimwingii, ila wanyama anawajua.
Ukutani wamemchorea:
mche mzima wa sabuni, simba mmoja.
Ukileta kifaru, unarudishiwa simba
na noti moja ya buluu.
Juzi bwana mmoja, shati limepigwa pasi vizuri,
alimwachia ya buluu kwa mche mzima, akageuka.
"Simba," akasema Butoyi.
Yule akacheka. Watu wakatazama.
Mimi nilikuwa nyuma ya magunia ya mihogo,
ulimi wangu umeshajaa maneno yake.
Niliuuma.
"Simba," akasema tena, kiganja wazi,
hana haraka, hajawahi kuwa na haraka maishani mwake.
Simba akatoka mfukoni, amekunjwa mara nne.

Mwisho wa mwezi alimwekea mama tembo mkekani.
Mama hakumgusa kwanza; alinawa mikono.
Butoyi akabaki na simba wake.
"Wa nini?" nikauliza.
Alifikiri. Nami, kwa mara ya kwanza,
nilingoja kama mtu asiyejua jibu.
"Wa kwangu."

Asubuhi hii amesimama mlangoni,
amemwamkia jirani, "Mwakeye,"
kabla sijamwambia aamkie.
Nimeinama kumfunga kamba za viatu, mazoea tu,
vidole vikapapasa mpira mtupu:
buti za karakana, nyeusi, hazina kamba.
Nimebaki nimeinama hapo, mikono haina kazi,
huku buti zikipiga plap, plap barabarani,
zikienda zake.